Simba Aliyevuka Maji

Sehemu ya tisa

Vumbi lile tuliloliacha likipanda juu ya mabanda ya Rwamgasa halikuwa la lori la pamba, kama baadhi yenu mlivyotumai. Duara la Bwana Donatus, shimo lake la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limeanguka, na Fikirini alikuwa ndani.

Mwahija alibaki amesimama, khanga imemteleza kichwani, asijue pa kuweka mikono. Alikuwa ametoka Shinyanga juu ya magunia, akalala Geita kwenye baraza ya watu asiowajua, akafika hapa akiwa na neno moja tu la kumwambia shemeji yake: nipe hirizi yako.

Sasa shemeji yuko chini ya ardhi, na hirizi iko shingoni mwake.

Kwa aliyeazima gazeti leo na hajui tulikotoka, nitasema kwa kifupi. Akida, mume wa Mwahija, ni fundi wa kujalidi vitabu mjini Shinyanga. Mzee Januari wa Ibadakuli, mwalimu mkuu mstaafu, alimpa albamu yake ya stempu na mihuri ya maonyesho ya wakoloni aishone upya. Albamu iliporudi, bahasha moja ilikuwa imekatwa kona. Kona hiyo ilikuwa na stempu ya simba ya mwaka 1924, na juu ya simba huyo mhuri wa posta ya maonyesho ya Wembley, kule Uingereza.

Stempu za simba zipo nyingi duniani. Lakini bahasha hii ilitumwa na baba yake Januari, mpishi aliyechukuliwa na bwana wake Mzungu kwenda kwenye maonyesho hayo, asirudi tena. Ukoo mzima ulisema hakufika popote, kwamba alihamia kwa mwanamke Tabora. Mhuri ule ndio shahidi pekee aliyebaki wa kusema kwamba alifika.

Ndiyo maana Mzee Januari hakutaka fidia. Alitaka kona yake. Asipoipata, Jumatatu asubuhi Akida atatolewa mahabusu ya polisi apelekwe gerezani kungojea kesi, pamoja na kifua chake cha pumu.

Aliyeikata ni Bi Chausiku, mama yake Akida. Mganga alimwagiza atafute mnyama mkali aliyevuka maji, amkinge mwanawe mdogo, Fikirini, anayekwenda machimboni. Bi Chausiku akamwona simba mezani kwa mwanawe, na mhuri wa ng'ambo mgongoni. Akachukua mkasi.

Haya. Turudi shimoni.

"Mwondoeni huyo mwanamke," alisema Bwana Donatus, mwenye duara, mtu wa Bukoba aliyevaa shati jeupe hata machimboni. "Amekanyaga mdomo wa duara. Nimemwona kwa macho yangu, na hapo hapo likashuka."

"Sikukanyaga, baba. Nilisimama pale kwenye mawe."

"Mwanamke akisogelea duara, dhahabu inakimbia. Hapa hata kuku anajua."

"Hiyo dhahabu ina mbio kukushinda wewe?" aliuliza Bhoke, mama wa Kikurya aliyewauzia wachimbaji uji na chai. "Maana lilipoanza kushuka, wa kwanza kufika kwenye banda langu ulikuwa wewe. Umenipindulia sufuria."

Watu walicheka, kisha wakaona aibu kucheka.

"Bhoke, chunga mdomo wako."

"Nauchunga. Ndiyo maana sijasema ulichopiga kelele ulipokuwa ukikimbia."

Maduhu, Msukuma mrefu aliyekuwa mvuta kamba wa duara lile, hakuwa na habari na ugomvi huo. Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, sikio chini. Ghafla aliinua mkono.

Wote wakanyamaza.

"Anagonga," alisema.

Mwahija alikaa chini palepale.

Wachimbaji walikimbilia majembe. Waliondoa udongo kwa karai, kwa ndoo, kwa mikono. Kila walipotoa karai mbili, moja ilirudi ndani. Donatus alizunguka nyuma yao akisema taratibu, taratibu, na mwishowe akavua shati lake jeupe akashika karai na yeye. Bhoke aliliona hilo, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu.

Jua lilikuwa bado kali walipofikia gogo. Lilikuwa moja ya miti iliyozuia kuta za duara, sasa limelala kukingama shimoni, na juu yake jiwe kubwa kama ng'ombe aliyepiga magoti. Chini ya gogo palikuwa na uwazi. Kutoka kwenye uwazi huo ilisikika sauti ya mtu akikohoa.

Maduhu alifungwa kamba kiunoni akashushwa.

Walioko juu walitega masikio. Walisikia Maduhu akisema, wakasikia mwingine akijibu. Kisha walisikia kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Walikuwa wakibishana.

Kamba ilitikiswa. Wakamvuta Maduhu juu, uso umejaa udongo, macho mekundu.

"Mbona umerudi peke yako?" aliuliza Donatus.

"Amekataa kutoka."

"Amekataa vipi? Amekuwa bibi harusi?"

"Mikono yake ni mizima, miguu ni mizima," Maduhu alisema. "Kilichomshika ni hirizi. Ina ukanda mnene wa ngozi ya ng'ombe, umebanwa pamoja na hirizi yenyewe kati ya gogo na jiwe, umemvuta shingo hapa. Ukikatwa ukanda, anapita. Nimetoa kisu, akaniambia nikiugusa ataniuma. Anasema hirizi ndiyo iliyozuia jiwe. Ikikatwa, jiwe linashuka."

"Si ungekata tu?"

"Kata wewe, bosi. Kamba hii hapa."

Donatus aliitazama kamba. Hakuipokea. Nanyi msimcheke, kwa sababu kati ya wachimbaji wote waliokuwa pale hakuna aliyeipokea. Machimboni anayekata hirizi ya mwenzake bila ruhusa yake huvaa mkosi wa mwenzake, na mkosi wa Fikirini siku ile ulionekana kwa macho.

"Lazima akubali mwenyewe," alisema Maduhu. "Na akubali upesi. Gogo linalia."

Hapo Mwahija alisimama.

"Nitaongea naye mimi. Ni shemeji yangu."

"Hufiki pale," alisema Donatus.

"Baba, nakuomba."

"Nimesema mwanamke hafiki mdomoni mwa duara langu."

"Duara lipi?" Bhoke aliuliza. "Donatus, dhahabu yako imefunikwa na mlima. Huyu atafukuza nini, mchwa? Mpishe dada wa watu."

Maduhu hakungoja majibu. Alimshika Mwahija mkono, akamwambia, "Njoo, mayu, mama yangu. Lala kwa tumbo, usisimame," akamshikilia vifundo vya miguu.

Mwahija alitambaa hadi ukingoni. Chini aliona giza, kisha gogo, kisha kitu cheupe. Yalikuwa meno. Fikirini alikuwa akijaribu kutabasamu.

"Shikamoo, shemeji," sauti ilisema.

"Marahaba, Fikirini." Machozi yalimtoka yakadondokea shimoni.

"Umefuata nini huku? Mama yu mzima?"

"Mama yu mzima. Fikirini, nisikilize. Ukanda huo, unaweza kuuvuta ukatoka?"

"Umebana."

"Jaribu kidogo. Usiukate. Uvute polepole, utoke na hirizi yako."

Msomaji, sitamficha Mwahija kwako. Katika saa hiyo aliyataka yote mawili, mtu na hirizi, na kama ungepekua moyo wake usingejua kipi kimetangulia. Aliyaona macho ya mumewe nyuma ya nondo, akasema tena, "Vuta, shemeji. Vuta kidogo tu."

Fikirini alivuta.

Gogo lilitoa mlio mrefu. Udongo ulimwagika kama mtama unaotoka kwenye gunia lililopasuka, na kwa muda meno yale meupe hayakuonekana.

"Fikirini!"

Kikohozi. Kingine. "Nipo."

Bhoke alikuwa amechuchumaa nyuma ya Maduhu. Alisema kwa sauti ya chini, "Dada, unaokoa mtu au unaokoa ukanda?"

Mwahija alilaza paji la uso wake kwenye udongo. Alipoinua kichwa, alikuwa ameshakata shauri.

"Fikirini, kata ukanda uache hirizi hukohuko."

"Siwezi. Hii ndiyo imenishikilia."

"Haijakushikilia. Imekufunga. Ndani hamna aya wala mzizi. Ndani mna karatasi."

"Mama alisema ni simba."

"Ni simba wa stempu. Mama alimkata kwenye bahasha ya Mzee Januari, bahasha aliyopewa kaka yako aitengeneze. Kaka yako akakamatwa kwa wizi. Huyo simba wako ndiye aliyemweka ndani."

Alisema hivyo mbele ya umati wa wanaume asiowajua. Alimtaja mama mkwe wake kuwa amechukua cha mtu. Nyuma yake alisikia minong'ono, hakuijali. Alidhani Fikirini akijua kwamba hirizi ni karatasi, atashika kisu.

Alikosea.

Kisha sauti ya Fikirini ikaja, nyingine kabisa, sauti ya mtu mzima.

"Kaka yuko ndani kwa ajili ya hiki nilichovaa?"

"Ndiyo."

"Na kikirudi, anatoka?"

Mwahija hakujibu upesi, na kukawia kwake kulitosha kuwa jibu.

"Basi ndiyo maana umekuja," alisema Fikirini. "Hukuja kunisalimia."

"Fikirini, kata."

"Nikikata inabaki huku. Kaka ndiye aliyenilea, shemeji. Baba alipokufa ndiye aliyenilipia shule. Mimi nikatoroka shule nikaja kuchimba. Sasa nimwachie na hili? Hapana. Nitaivuta mpaka itoke, au tubaki wote huku."

Gogo lililia tena. Maduhu alisema, "Mayu, fanya haraka."

Mwahija alifanya lile ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Hukunisikiliza mpaka mwisho," aliita kuelekea chini, na sauti yake ikawa nyepesi, kama ya mtu anayepiga hodi kwa jirani. "Alikuwa ndani. Ametoka. Mzee Januari amemsamehe. Kaka yako yuko nyumbani sasa hivi, amekalia kiti chake cha kamba, anagombana na mama juu ya chumvi."

"Unasema kweli?"

"Ndiyo habari niliyokuletea. Nilikuja kukuchukua turudi wote."

"Mbona ulitaka nivute?"

"Nilitaka umrudishie mzee kipande chake, basi. Si lazima."

"Niapie."

Mwahija alishika ukingo kwa mikono miwili.

"Niapie kwa Zamoyoni," alisema Fikirini.

Zamoyoni ni binti wa pekee wa Mwahija. Mwahija ameshika mimba tatu, akabaki na mtoto huyo tu.

"Naapa kwa Zamoyoni," alisema Mwahija. "Baba yake yuko nyumbani."

Fikirini alicheka kule chini. Kilikuwa kicheko cha furaha, na kilimchoma Mwahija kuliko kilio.

"Maduhu," aliita Fikirini. "Leta hicho kisu chako. Na nisamehe, nisingekuuma kweli."

"Ungeniuma," alisema Maduhu, akishuka. "Nayajua meno yako, ndiyo yanayomaliza dagaa wangu."

Mwahija aliburutwa nyuma. Wanaume walishika kamba, Donatus wa kwanza, kifua wazi, miguu ameikita. Kamba ilitikiswa mara moja. Wakavuta.

Kilitokea kichwa cha Maduhu. Chini yake, amemkumbatia kiuno kama mtoto, akaja Fikirini, mweupe kwa vumbi, na alama nyekundu ya ukanda imezunguka shingo.

Hawakuwa wamefika hata kwenye banda la Bhoke duara lilipomeza gogo lake. Jiwe lilishuka. Ardhi ilicheza chini ya miguu yao, na pale palipokuwa na shimo pakabaki bonde dogo la udongo mbichi.

Simba wa Mzee Januari alikuwa chini ya jiwe lile, na hata Rwamgasa nzima ingechimba hadi masika, asingeonekana.

"Wabeja, wabeja," Maduhu alikuwa akisema peke yake, akimshukuru sijui nani. Donatus alikuwa amekaa chini akitazama bonde. Mtaji wake wote ulikuwa mle, lakini alisema tu, "Mpeni kijana maji."

Bhoke alimpa maji, kisha uji. Fikirini alikunywa, akajifuta mdomo, akamgeukia shemeji yake huku macho yanang'aa.

"Twende leo hii. Nataka nikamwone kaka akigombana na mama. Nitasimama mlangoni nisibishe hodi."

Mwahija aliinama akakung'uta udongo kwenye khanga yake.

"Shemeji?"

"Fikirini," alisema, "nimekudanganya."

Bhoke aliweka upawa wake chini.

"Kaka yako yupo ndani hadi sasa. Mzee Januari hajasamehe. Kabla sijaja huku nilikwenda kwake, akanifungia mlango, akaongea nami dirishani. Aliniambia, 'Mwanangu, watu wamemcheka baba yangu tangu mimi sijajua kutembea. Niletee mhuri wangu au uniache.' Jumatatu wanampeleka kaka yako gerezani. Nimeapa uongo kwa mwanangu. Kama ningekwambia kweli, ungebaki kule."

Fikirini alijifunika uso kwa mikono yake iliyochubuka. Mwahija alingoja matusi. Angeyapokea, hata angefarijika.

Lakini kijana alipotoa mikono usoni, alikuwa amekunja paji, kama mtu anayepiga hesabu inayokataa.

"Na nusu ile nyingine?" aliuliza. "Mzee naye ameikataa?"

"Nusu ipi?"

"Nusu nyingine ya simba."

"Simba ni mmoja," alisema Mwahija.

"Mama hakukwambia," Fikirini alisema taratibu. "Ni kweli, asingekwambia. Shemeji, mama alimkata simba katikati. Ana wana wawili, alisema hataki kupendelea. Kichwa akanifungia mimi, niingie nacho shimoni. Mkia, na nusu ya mhuri, akamshonea kaka kwenye ngozi nyeusi. Alimdanganya kuwa ni dawa ya pumu, maana kaka angejua asingevaa. Na mganga alikataza mke asijue kilichomo, dawa itapoa. Mimi nilimshikia taa akishona. Aliniapisha."

"Dada," alisema Bhoke, na uso wake ulikuwa umechangamka, "si ndiyo hiyo? Nusu ya mhuri ni mhuri. Mpelekee mzee, apone roho yake. Hirizi iko wapi?"

"Iko nyumbani?" aliuliza Fikirini. "Au kaka alikamatwa ameivaa?"

"Hakuivaa siku ile. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, chumbani."

"Alhamdulillahi," alisema Fikirini, akaegemea nguzo ya banda. "Maana angekutwa nayo mwilini, angejitetea vipi? Nani angemwamini?"

"Gerezani wangeikuta getini," alisema Bhoke. "Mume wangu amepita hapo. Wanakuvua kila kitu. Hirizi wanazichana kwa wembe mbele yako, wanatafuta bangi. Na wanaandika kila walichokiona. Shukuruni Mungu ipo msumarini."

"Haipo msumarini," alisema Mwahija.

"Ipo wapi basi?" aliuliza Fikirini.

"Alhamisi mama alinipa nimpelekee, alisema bila hiyo kifua kitambana. Askari wa zamu walikuwa wakikagua mikono na mifuko." Alizungumza polepole, kila neno likitoka kama jiwe. "Nikaificha ndani ya bakuli, chini ya wali. Kaka yako ameivaa, Fikirini. Niliifunga mimi mwenyewe, kupitia kwenye nondo, nikaikaza fundo mara mbili."